Nikaha ya Kipindi cha Jiografia

Jumapili, 29 Machi 1987

Mvua ya kwanza ya masika imenyesha, na bati limevuja palepale lilipovuja mwaka jana, juu ya kitanda changu. Nyumba hii haina kigeugeu.

Naanza daftari hili kwa sababu Asmahani kaniambia nizoeshe mkono kabla sijajaza fomu ya chuo cha uuguzi. Asmahani ni shoga yangu. Tunapanga kafa ulaya, yaani mitumba, upenu mmoja hapa Ngamiani, yeye mashati ya kiume, mimi magauni. Yeye kamaliza kidato cha nne kwa mlango wa mbele. Mimi nimeingilia uani: nimefanya mtihani mwaka jana kwa kujitegemea, nikapata Baiolojia ya kumtia mtu wivu, Kiswahili safi, na F ya Hesabu. Hesabu na mimi tumeachana bila talaka. Lakini jaribu kunipunja chenji uone.

Fomu yote nimeimudu isipokuwa swali moja: "Mwombaji aeleze vipindi vyote ambavyo hakuwa masomoni, na sababu zake. Maelezo yathibitishwe kwa saini ya mzazi au mlezi." Mwisho wa kupokea ni tarehe mosi Juni. Nafasi waliyoiacha ni mistari mitano. Mimi Tuhfa, niliyepika katika nyumba ya wageni Majengo, Mombasa, nikatukanwa na mabaharia kwa lugha nisizozijua nikawajibu kwa Kidigo mpaka wakaomba radhi, nipewe mistari mitano!

Jumanne, 31 Machi

Mvua. Sikuuza hata soksi.

Alhamisi, 2 Aprili

Nitayaandika yote hapa kama yalivyokuwa, halafu nitayakata yaenee kwenye mistari yao.

Baba yangu alifariki Pemba nikiwa mdogo, na mama akaolewa kwingine. Ami Yakoub, mdogo wake baba, ndiye aliyenileta Tanga akanilea na akanisomesha. Hilo simnyang'anyi. Ana banda la kutengeneza baiskeli, na mkewe ni Bi Mwanamwema. Jina hilo alipewa akiwa mchanga, kabla watu hawajamjua.

Mwaka 1983 nilikuwa kidato cha tatu, shule ya kutwa. Ndiyo miaka ile sabuni inafichwa uvunguni, na mtu akikutwa na sukari ya kumzidi jirani analala ndani. Ijumaa moja mchana, mwalimu wa Jiografia anatuchoresha Ziwa Viktoria, mimi nahangaika na visiwa vyake. Saa hiyohiyo msikitini, Ami Yakoub kashikana mkono na bwana mmoja wa Kigombe, mwenye duka, anaitwa Mjaka, anamwoza mtu. Mtu mwenyewe ni mimi. Kwetu mwari haendi kwenye nikaha. Walii wake, yaani mwanamume wa ukoo anayemsimamia, ndiye anayemwozesha, na bibi harusi anaweza kuwa jikoni anakuna nazi. Mimi nilikuwa nachora ziwa.

Hakuna aliyeniambia. Harusi ilikuwa ije baadaye, bwana harusi akisharudi kutoka Mombasa na nguo na sabuni. Hakurudi. Lori lilipinduka Horohoro, akafa papo hapo, Mungu amrehemu, sina ugomvi naye hata kidogo.

Nikamwona Bi Mwanamwema mlangoni mwa darasa, analia, kakumbatia kitambaa cha bafta nyeupe.

"Mwanangu," akasema mbele ya wote, "umefiwa na mumeo."

"Mume yupi?"

Darasa zima likacheka. Nami nikacheka. Nilidhani kakosea mlango.

Nikakalishwa eda. Miezi minne na siku kumi ndani ya chumba, nguo nyeupe, bila wanja, bila kioo, bila kutoka, namlilia mtu nisiyejua kama ni mrefu au mfupi. Asubuhi nasikia wenzangu wanapita dirishani na viatu vyao kwenda shule. Nilipotoka eda, jina langu lilikwishakatwa. Shule haimtaki mke wa mtu, wala haimtaki mjane. Nikakimbilia Mombasa kwa hasira, nikarudi na marobota ya nguo na ulimi mrefu zaidi.

Haya. Nani mwingine Tanga nzima kaolewa, kafiwa na kafukuzwa shule bila kumwona bwana harusi hata kisogo?

Jumamosi, 4 Aprili

Nimemfuata Ami bandani. Alikuwa anaziba tairi.

"Shikamoo Ami."

"Marahaba. Ukiniamkia kwa adabu hivyo najua una shida."

Nikamsomea niliyoyaandika, maana yeye Kiswahili anakisoma kwa herufi za Kiarabu tu. Alisikiliza mpaka kwenye Ziwa Viktoria, akaweka koleo chini.

"Andika ugonjwa."

"Ugonjwa gani?"

"Chagua. Kwani yamekwisha? Malaria, kichocho."

"Malaria ya miaka miwili, Ami? Si watanichukua chuoni wanipasue waniangalie?"

"Una mdomo, we mtoto! Wataka nifungwe? Huwajui hao wa serikali, kumwoza mwanafunzi ni jela. Na aibu je? Watu wa mbali wasome mambo ya nyumba yangu?"

"Aibu mlinivika mimi. Tena nyeupe, ionekane."

Bi Mwanamwema akadakia kutoka uani: "Ugonjwa una heshima yake. Hata wakubwa wanaugua."

"Saini yangu haikai juu ya maneno hayo," Ami akasema. "Leta ya ugonjwa, natia sasa hivi."

Nikaondoka bila kuaga. Njiani nikakumbuka sijamuaga, nikazidisha mwendo.

Jumatatu, 6 Aprili

Asmahani anasema yeye ataitia hiyo saini ya Ami, kazi ya dakika moja. Nimekataa. Nina sababu nzuri kuliko ya mwombaji yeyote nchi hii, halafu niitie saini ya kuiba kama mwizi wa kuku?

Jumatano, 15 Aprili

Leo nimekwenda shuleni kuchukua cheti changu cha kuacha shule. Mwalimu Kristofa bado ni mkuu. Kazeeka, lakini ile suti ya kaunda ni ileile, na mvua imemkuta nayo tangu mwaka nilipoachana naye. Kaniacha nisimame.

"Tuhfa. Nakukumbuka. Ulikuwa unaongea sana."

"Shikamoo Mwalimu. Sijaacha."

Akapekua kabati, akanipa. Nimesoma mara tatu kwa kuwa sikuamini: *Ameolewa. Ameacha shule kwa hiari yake.*

"Hiari ya nani, Mwalimu?"

"Kila anayeolewa tunaandika hivyo."

"Mimi sikuolewa. Mimi nilikuwa darasani. Muulize mwalimu wa Jiografia, nimo kwenye mahudhurio yake."

"Sheria haikunituma nikamtazame bwana harusi. Ulikuwa mke, ukatoweka miezi. Ungekuja ukanieleza."

"Mwanamke wa eda hatoki, Mwalimu."

"Mimi Mbondei, tena Mkristo. Hayo ya eda nitayajulia wapi? Nilimwita mlezi wako. Akakaa kiti hicho. Nikamuuliza, je, binti aliridhia? Akaniambia, ndiyo, aliulizwa, akaridhia."

Nikamwambia kama angeniuliza mimi badala ya kuuliza kiti, angenisikia. Akasema nitoke ofisini kwake. Nikatoka, lakini kwa mwendo wa pole, ili ajue natoka kwa hiari yangu.

Aliulizwa, akaridhia! Ami Yakoub, mtu wa safu ya mbele msikitini, anamdanganya mwalimu mchana kweupe. Nilidhani ni mwoga tu. Kumbe ni mwongo pia.

Ijumaa, 17 Aprili

Ijumaa Kuu. Manase, mpangaji wa chumba cha ukuta wetu, kaimba nyimbo zake za kanisani tangu alfajiri. Ami kalalamika. Mimi nimemgongea Manase ukuta nikamwambia apandishe sauti.

Jumanne, 21 Aprili

Simsemeshi Ami. Yeye ananisalimu, mimi naitikia kwa pua.

Alhamisi, 23 Aprili

Mvua. Magauni yanaota ukungu. Nimemuuzia mama mmoja gauni la kahawia nikamwambia yale madoa ni maua. Halafu nikamkimbilia nikamrudishia nusu ya pesa. Mdomo wangu na moyo wangu hawajawahi kufanya biashara pamoja.

Jumatano, 29 Aprili

Kesho tunafunga. Nimetumwa nipike uji wa kufungulia Ramadhani nzima. Nimenuia kumtilia Ami pilipili manga ya kumtoa machozi.

Ijumaa, 1 Mei

Nimemtilia. Kaomba aongezwe.

Jumatano, 6 Mei

Ami kanisimamisha mlangoni. "Siku zinakwenda. Umeandika ile ya ugonjwa?" Nikamwambia namngojea daktari anichagulie. Akasema nitapoteza chuo kwa kiburi. Kweli kabisa, nitakipoteza, na bado siandiki malaria. Usiku nimelala vibaya. Nikikosa chuo hiki nitapanga magauni ya marehemu wa Ulaya mpaka nifie upenuni, nivikwe mojawapo.

Ijumaa, 8 Mei

Leo nitaandika mpaka kalamu iishe.

Mchana hakuna wateja, basi nikaenda na Asmahani kwenye darsa la wanawake kwa Bi Suhaila, barabara ya pili. Nilifuata kivuli na mkeka, si elimu. Kumbe somo la leo ni nikaha. Bi Suhaila anafundisha kama anayepeta mchele, neno moja moja, pumba upande. Kafika kwa walii: baba kwanza, halafu babu mzaa baba. Hao, kwa masharti yake, wanaweza kumwoza bikira bila ya kumuuliza, ingawa kumuuliza ni bora.

Nikanyoosha mkono. Asmahani akanifinya. Nikaunyoosha mwingine.

"Na ami je, Bi?"

"Ami anaoza, kama baba na babu hawapo. Lakini ami si baba. Lazima amuulize. Bikira akiulizwa akanyamaza, kunyamaza kwake ni idhini, kwa sababu ya haya."

"Na asipoulizwa kabisa?"

"Basi hapana ndoa, mwanangu."

"Na huyo mume akifa?"

"Mume yupi?"

Wanawake wakacheka. Yaleyale maneno yangu ya darasani, na kicheko kilekile. Safari hii sikucheka.

"Na eda, Bi?"

Bi Suhaila akanitazama. Nadhani hapo ndipo aliponijua ni nani. Akasema taratibu, "Eda ya nini, mwanangu? Mtu hakai eda ya mpita njia."

Sikumbuki nilivyofika nyumbani. Namkumbuka Ami yupo uani anatawadha, na Bi Mwanamwema anakaanga bagia.

"Ami! Ulimwambia Mwalimu Kristofa niliulizwa. Nani aliniuliza?"

"Punguza sauti, watu wamefunga."

"Wamefunga chakula, hawakufunga masikio. Nani aliniuliza?"

Akasimama, maji yanamchuruzika viwikoni. "Uliulizwa! Mimi simwozi mtoto wa kaka yangu kama mbuzi. Siwezi kuingia chumbani kwako nikakuuliza mambo hayo, una haya, nina haya. Nilimtuma mama yako huyu. Akaenda, akarudi, akaniambia: kanyamaza. Nikaenda msikitini nikamwambia sheikh hivyohivyo, na mashahidi wapo."

Tukamgeukia Bi Mwanamwema. Bagia zinaungua.

"Sema," Ami akamwambia.

"Nilikwenda," akasema. "Nikasimama mlangoni kwako nikauliza: Tuhfa, ami yako ataka kukuoza kwa Mjaka wa Kigombe, wakubali? Hukujibu."

"Saa ngapi?"

"Asubuhi."

"Asubuhi nilikuwa shule!"

"Basi," akasema, anazigeuza bagia, "ndiyo maana hukujibu."

Wallahi! Aliliuliza shuka! Kitanda kilinyamaza, mto ukanyamaza, na kwa haya zao wakaniozesha.

Ami akakaa chini pale pale kwenye maji. Hakumgombeza. Alisema tu, polepole, "Nimesema uongo msikitini. Mwanamwema, umenisimamisha mbele ya Mungu na uongo mkononi." Adhana ikalia. Akafungua kwa maji, hakugusa kitu kingine. Uji wangu ulilala sufuriani na pilipili yake.

Jumamosi, 9 Mei

Banda la baiskeli limefungwa. Ami yuko kwa sheikh.

Jumanne, 12 Mei

Bado limefungwa. Wateja wananiuliza mimi. Nawaambia fundi kaingia pancha.

Alhamisi, 14 Mei

Mwezi mzima nilimchukia mtu kwa uongo ambao hakuujua. Sasa nahamisha chuki, na inakuwa nzito kuihamisha. Kwa Ami niliizoea, ilikuwa na mahali pake. Lakini kosa lake bado lipo: mlango alikuwa nao, miguu alikuwa nayo, hakuja mwenyewe.

Jumatano, 20 Mei

Bi Mwanamwema kanijia jikoni. Nilikuwa nakuna nazi, nikamwelekezea mgongo.

"Mwaka ule ulikuwa unakula nini, unakumbuka?" akaanza. "Unga wa yanga, yale mahindi ya njano ya msaada, na huo wa foleni. Mwanangu Hilal alikuwa anajikuna mwili mzima kwa kukosa sabuni. Mjaka alikuwa na duka. Nikasema mmoja wetu akashibe."

Nikakuna.

"Nilijua ukiulizwa utasema hapana. Kwa hiyo nikauliza usipokuwepo."

Nikakuna.

"Mimi kwetu niliulizwa, mwanangu. Mlangoni hivyohivyo. Nilikuwa nalia. Aliyetumwa akarudi akasema kanyamaza. Kilio changu kilikuwa hakina sauti."

Hapo mkono ulisimama. Lakini sikugeuka, na sikumjibu. Akihesabu nimemsamehe, shauri yake, ndivyo anavyojua kuhesabu.

Jumatatu, 25 Mei

Zimebaki siku chache za fomu. Ami hajaniambia neno. Nimeiandika upya, mistari mitano, nikaiacha juu ya sanduku lake la vyombo vya kazi. Sikumbembeleza.

Ijumaa, 29 Mei

Idi. Mvua imeharibu viwanja vya watoto, wameogelea na nguo mpya. Nimewagawia wote wa mtaani soksi za kafa ulaya, kila mmoja na rangi mbili tofauti. Ami kanipa mkono wa Idi. Nikauachia haraka.

Jumamosi, 30 Mei

Alasiri. Ami kabisha hodi chumbani kwangu. Katika miaka yote niliyokaa nyumba hii hajawahi kugonga mlango huu, sembuse kuingia. Kanisimamia kizingitini na fomu mkononi, kavaa kanzu na kofia kama anayekwenda kuposa. Nyuma yake Bi Mwanamwema, kajifunika. Mvua inapiga bati.

"Tuhfa," akasema, "nisomee tena."

Nikamsomea. *Mwaka 1983 niliozwa bila kuulizwa, nikiwa darasani. Aliyeitwa mume wangu alifariki kabla sijamwona. Nilikalishwa eda, na shule ikanifuta jina. Mwaka 1984 nilikuwa Mombasa nikifanya kazi ya upishi. Tangu 1985 najisomea, na Hesabu nilifeli kwa juhudi zangu mwenyewe.*

Hakucheka hapo kwenye Hesabu. Nilitegemea acheke.

"Sheikh kaniambia yangu ya kufanya kwa Mungu," akasema. "Ya kwako hakuniambia, kasema nije kwako. Basi nakuuliza. Wataka kwenda chuo hiki?"

Haya sasa, mimi Tuhfa wa Majengo, mimi mdomo. Nikafungua kinywa na hakikutoka kitu. Nikatazama sakafu kama mwari.

Bi Mwanamwema akasogea. "Kanya..."

"Wewe nyamaza!" Ami kaguta, sijawahi kumsikia akiguta. Halafu kwangu, taratibu: "Kunyamaza sikuhesabu tena. Sema, mwanangu. Nikusikie kwa masikio yangu."

"Nataka."

"Mvua. Sikusikia."

"Nataka!"

"Sema!"

"NATAKA, AMI!"

Manase akagonga ukuta: "Jamani, mpeni basi hicho anachokitaka!"

Ami akakaa juu ya sanduku langu, akaniomba kalamu. Hakutia saini tu. Aliandika kwa zile herufi zake, kutoka kulia, mstari mzima, ulimi nje kama mtoto wa madrasa. Nilimwambia hawataujua kuusoma. Akasema, "Wewe unaujua."

Jela je? Nikamuuliza, maana sitaki kumpeleka huko. Akasema wakija wamkute bandani, ana baiskeli za watu zimelala.

Jumatatu, 1 Juni

Jua. Nimeipeleka fomu chuoni mwenyewe kwa basi la asubuhi, posta siwaamini. Karani ni dada mmoja, beji yake imeandikwa Praxeda, uso wake umefungwa kama duka la ushirika. Kasoma mistari yangu mitano. Kanitazama. Kaisoma tena. Hakusema pole, nami sikuja kutafuta pole.

Akaweka kidole chini ya saini. "Na huku chini kuna nini? Nani kachorachora?"

"Mlezi wangu. Ni Kiswahili hicho, dada, kimevaa kilemba tu."

"Kinasema nini? Siwezi kupiga muhuri nisichokijua."

Nikamsomea, kidole kikitoka kulia kwenda kushoto:

"Mimi Yakoub bin Faki, ami yake. Mwaka ule hakuulizwa. Leo nimemuuliza mwenyewe. Amesema anataka."

Akapiga muhuri.